Kiti Kimoja cha Jumatano

Sisi tuliokua kabla simu haijaingia mfukoni tunajua kusubiri. Tulisubiri pantoni pale Busisi mpaka jua likahama upande, tukasubiri barua, tukasubiri matokeo ya mtihani yabandikwe ukutani, na hatukuona ajabu. Leo daraja limejengwa, watu wanavuka wakiwa wamesinzia ndani ya basi, hata ziwa hawalioni. Sisemi ni vibaya. Nasema tu kwamba mtoto wa siku hizi ukimwambia asubiri robo saa, anakutazama kama umemtukania wazazi, na hali wazazi wenyewe ni nyie.

Lakini kuna kusubiri kumoja ambako nikikukumbuka moyo unanienda chini. Ngoja nianze mwanzo.

Tulikuwa tunaishi Misungwi. Baba alikuwa fundi wa mitambo kwenye jineri, yaani kiwanda cha kuchambua pamba, na nyumba yetu ilikuwa ya kiwanda, vyumba viwili na sebule. Msimu wa pamba ukifika, nyuzi nyeupe zilitua juu ya kila kitu, mpaka kwenye uji. Mama alitoka mbali, Muheza mkoani Tanga, ambako baba alimkuta alipokwenda mafunzoni. Tangu aolewe mpaka mimi nafikisha miaka tisa alikuwa amerudi kwao mara moja tu, kwa treni, kaka yangu Masanja akiwa bado wa mgongoni. Mimi na mdogo wangu Limi, bibi yetu wa Muheza alikuwa hajawahi kututia machoni.

Na macho yenyewe yalikuwa yanaondoka. Bibi alikuwa na mtoto wa jicho, pande zote mbili. Kila barua iliyotoka Muheza, iliyoandikwa na mama mdogo, ilimalizika kwa maneno yale yale: mama anasema waleteni watoto awaone kabla giza halijaingia. Mama aliisoma kimya, akaikunja, akaendelea kuchambua mchele. Sisi watoto tulidhani hajali. Utoto nao una ujinga wake.

Mwaka huo baba akapata likizo yenye nauli ya familia nzima, na kwa kuwa mvua ilikuwa imeharibu reli, wakubwa wake wakakubali iwe nauli ya ndege. Jamani, ndege! Misungwi nzima ilijua kabla ya Jumapili. Darasani mwalimu alinisimamisha mbele nieleze ndege inapaaje, nami sijawahi kuiona kwa karibu. Rafiki yangu mmoja aliniomba nichungulie vizuri nikiwa juu, nikirudi nimwambie kama mawingu ni ya moto au ya baridi.

Siku zile mtu hakupanda ndege na nguo ya jana. Baba alinunua jora moja la kitambaa chenye maua ya njano, akampelekea fundi cherehani wa sokoni, na kutokana na jora lile yakatoka shati la baba, shati la Masanja, gauni la mama, langu, na la Limi lenye marinda. Tulipojipanga mlangoni tulifanana na mapazia ya nyumba moja. Wanangu wakiiona picha ile wanacheka mpaka wanakaa chini. Wenyewe husafiri na suruali zilizochanika magotini, tena wamezinunua zikiwa zimechanika hivyo hivyo.

Sasa nieleze habari ya kusindikizwa, maana ndipo mambo yalipoharibikia. Kwetu mtu anayekwenda mbali haondoki kimya kama mwizi. Anaagwa. Majirani walianza kuja tangu Ijumaa, huyu na michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa juani, huyu na karanga, huyu na sato mkavu amefungwa kwenye gazeti. Mama naye akatoa vya kwake. Kuku akamgawia jirani, unga uliobaki akampa mwingine, ufunguo wa nyumba akamwachia wa tatu. Bibi mzaa baba, ambaye kauli yake haikupingwa na mtu, alitushika vichwa mmoja mmoja. "Mtu akishaagwa ameagwa," akasema. "Akirudi nyuma, ameikata safari yake mwenyewe." Tulilisikia neno hilo tangu tunajifunza kutembea. Hata ukisahau daftari nyumbani ulikwenda shule bila daftari, ukachapwa, yakaisha.

Jumatatu asubuhi lori la pamba lilitupeleka uwanja wa ndege wa Mwanza, na nyuma yake walipanda watu wapatao thelathini, wanaimba. Wafanyakazi wenzake baba, akina mama wa kwaya, watoto waliotoroka shule. Tulifika ndege haipo. Tukaambiwa itakuja saa sita. Saa sita ikawa saa nane. Dereva wa lori alikuwa na marobota ya kupakia, hakuweza kusubiri zaidi, na mhudumu mmoja akasema ndege itafika saa kumi bila wasiwasi. Basi tukaagana hapo hapo kwenye fensi. Watu wakaomba, wakaimba, shoga yake mama akalia mpaka kilemba kikamvuka. Lori likaondoka, na sisi watano tukabaki na sanduku la bati na vifurushi kumi na moja.

Ndege haikuja. Ilipokaribia jioni yule mhudumu akatoka na funguo mkononi, akasema hali ya hewa mbaya huko itokako, tujaribu kesho.

Baba akasema, "Mama Masanja, turudi nyumbani, tutakuja asubuhi."

Mama akamtazama. "Turudi wapi, Baba Masanja? Tumeshaagwa."

Nikikumbuka sasa naona ilikuwa zaidi ya mkosi. Ilikuwa aibu. Utarudije kwa watu waliokulilia mchana, ukagonga mlango uombe ufunguo, na kuku wako ameshachinjwa anachemka kwa jirani? Na vile vifurushi ungeviweka wapi machoni pa waliokupa? Baba angeweza kuomba simu pale uwanjani akapiga jineri, wajue tumekwama. Hakupiga, maana jineri nzima ndiyo iliyotusindikiza. Alikaa juu ya sanduku, akavua kofia, akasema sawa. Hata yeye alikuwa mtoto wa mama yake.

Mvua ikaanza kudondoka. Pale njiani alikuwa anapita mama mmoja na karai la dagaa kichwani, akasimama kutuangalia na maua yetu ya njano.

"Dada, hapo mtanyeshewa na mtoto," akamwambia mama. "Kwangu ni pale karibu na maji. Njooni."

Hakuuliza sisi ni akina nani. Watu walimwita Mama Mkerewe, kwa sababu alitoka Ukerewe, na jina lake hasa hatulijui mpaka leo. Alikuwa mjane, anakausha dagaa mchangani, ana nyumba ya udongo yenye vyumba viwili. Chumba kimoja akatupa sisi. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akanipa kata nikachote maji, na tangu hapo nikawa mtoto wa nyumba ile.

Tulikaa kwake siku tatu, na hizi siku tatu ndizo nilizowasimulia wanangu zaidi kuliko siku nyingine zozote za utoto wangu. Asubuhi tulitandaza dagaa, tukafukuza kunguru kwa fimbo, tukalipwa kwa sato wa kuchemsha na ugali wa muhogo, ule mweusi unaovutika. Mchana tulicheza rede na watoto wa pale, mpira wa soksi, na mimi nilikuwa hodari wa kukwepa. Kuoga ziwani tulikatazwa kwa sababu ya mamba, tukaoga kwa kujificha. Jioni tulikaa juu ya mawe yaliyobaki na joto la jua, Masanja akihesabu mitumbwi, na kila tuliposikia kishindo angani tulikimbilia fensi ya uwanja. Ikiwa si ndege yetu nilifurahi kimoyomoyo. Niliseme wazi, maana ni kweli: sikutaka ndege ije. Nilikuwa sijawahi kuwa na raha kama ile.

Mama alikuwa hana raha. Kila alfajiri alituosha, akatuvalisha yale mavazi, akatukalisha mstarini tusichafuke mpaka baba arudi kutoka uwanjani na jibu. Baba akirudi anatikisa kichwa, mama anatuvua, anakunja nguo moja moja, anazirudisha sandukuni. Mama Mkerewe alimwambia, "Utazichosha nguo za watu." Mama akacheka kidogo. Yule mama alikuwa na namna yake ya kumchekesha, na nadhani kwa siku zile yeye ndiye aliyembeba.

Jumatano asubuhi ndege ikatua. Tuliisikia, baba akaja mbio, tukabeba vifurushi tukakimbia wote, Mama Mkerewe naye na sanduku kichwani. Tulipofika, mhudumu akasema ndege imekuja ikiwa imejaa. Kuna kiti kimoja.

Naiona hali ile mpaka kesho. Baba akageuka, akamwambia mama, "Panda wewe. Mimi na watoto tutakufuata. Wewe ndiye mwenye mama."

Mama alisimama na Limi kiunoni. Akanitazama mimi, akamtazama Masanja. Kisha akasema, pole pole kama mtu anayepima unga, "Tumetoka watano, tutafika watano. Mama hajaomba kuniona mimi. Mimi ananijua. Ameomba kuwaona watoto."

Kile kiti akapanda mfanyabiashara mmoja aliyekuwa nyuma yetu. Ndege ikaondoka, tukarudi kwenye dagaa. Mimi niliruka kwa furaha, mama ameturudisha ufukweni kwa siku moja zaidi. Na katika nafsi yangu nikahifadhi kwamba mama yangu ni mtu asiyewaacha watoto wake.

Alhamisi asubuhi tukapanda wote watano. Starehe ya ndege ya enzi zile, jamani, acheni. Viti vya kitambaa laini, dada mrembo anapita na sinia la peremende ili masikio yasizibe, maji ya machungwa kwenye glasi ya kweli. Masanja alificha pakiti nne za sukari kwenye soksi. Niliona ziwa lote kwa dirisha, na visiwa vimetapakaa, na mawe yetu yamekuwa kama punje za mtama. Nilitaka kumwonyesha mama. Alikuwa amefumba macho, midomo inacheza, anaomba.

Tulitua Dar, na hapo hatukuwa na mwenyeji. Tulikwenda moja kwa moja kituo cha mabasi, tukafika Muheza alasiri imepita. Tulipokata kona ya nyumba ya bibi tukaona wanawake wamekaa kwenye mikeka uani, wamejifunika kanga, na wanaume nje kwenye mabenchi. Mama hakuuliza mtu. Aliniachia mkono tu.

Bibi alifariki alfajiri ya siku ile ile. Kwao mama ni Waislamu, maiti haisubirishwi, wakamzika adhuhuri. Tulichelewa kwa mchana mmoja.

Mama mdogo alitoka ndani, akamkumbatia dada yake, na wala hakumlaumu. Alieleza tu. Homa ilimshika bibi ghafla Jumatatu. Jumanne asubuhi mama mdogo akaenda posta akapiga simu jineri. Akamwambia karani, mgonjwa hali si nzuri, aje hata mmoja. Karani akajibu kwa furaha kabisa, "Waliondoka jana, dada, tuliwasindikiza sisi wenyewe. Wako njiani." Naye akarudi kumwambia bibi hivyo. Wako njiani. Bibi akaomba asogezwe kwenye mwanga wa mlango, akakaa hapo Jumanne, akakaa Jumatano, kila akipita mtoto anauliza ndiye huyu?

Ujumbe ule ulifika Misungwi wakati sisi tuko mwendo wa safari moja tu ya lori, tunafukuza kunguru. Hakuna aliyetutafuta, kwa sababu hakuna aliyejua kuwa bado tupo Mwanza. Kama Jumatatu tungerudi nyumbani na aibu yetu, Jumanne tungeipata habari. Na Jumatano mama angekwea kiti kile akafika kabla ya magharibi.

Hakuna aliyelisema hilo kwa sauti, lakini watu wazima wote walilijua. Baba alikwenda nyuma ya nyumba akakaa peke yake chini ya mkorosho, na kwa miaka yote iliyofuata, mpaka anaingia kaburini, hakulizungumza. Mama alilia siku ile na siku mbili zilizofuata. Kisha akatuvalisha yale mavazi ya maua, sisi watatu, akatupeleka kaburini, akatupanga mstari. "Mama, hawa hapa," akasema. "Huyu Masanja, huyu Kabula, huyu Limi."

Basi hayo nimekaa nayo. Nilikua, nikaolewa, nikapata wanangu watatu, nasi tunaishi Kiseke hapa Mwanza, na mama tunaye, ni mwanamke wa karibu miaka themanini mwenye ulimi ambao bado una makali. Desemba iliyopita tukasema twende Tanga sote, mama akaone kwao. Kwa ndege mpaka Dar, kama zamani.

Ndege ikachelewa kwa muda wa saa tatu. Taarifa ikaingia kwenye simu kabla hatujashuka kwenye gari, na hata hivyo ungewasikia wanangu! Mkubwa anatafuta soketi ya kuchajia, wa kati analalamika mtandao unakatika, mdogo anasema hii likizo imeshaharibika. Likizo haijaanza, imeshaharibika. Mama alikuwa amenyang'anywa kisu chake cha kumenyea machungwa pale kwenye mashine ya ukaguzi, amenuna. Halafu akaletewa kiti cha magurudumu, kijana wa uwanja akamsukuma taratibu na kumwita bibi, nikaona kununa kunayeyuka. Alitaka asukumwe tena mpaka chooni na kurudi.

Tukakaa kwenye benchi, mimi na yeye. Watu wamejaa, kila mmoja ameinama kwenye simu yake, hakuna anayemwuliza mwenzake unakwenda wapi. Sijui nini kilinisukuma. Miaka yote sikuwahi kumwuliza.

"Mama, ile Jumatano. Kama ungejua bibi ni mgonjwa vile, kile kiti ungekipanda?"

Hakufikiri hata kidogo. "Ningekipanda."

"Ungetuacha?"

"Ningewaacha. Mlikuwa na baba yenu." Akavuta kanga mabegani. "Nakusikia unavyowasimulia watoto wako. Unawaambia, bibi yenu aliacha ndege kwa kutupenda. Najua unanisifu. Lakini usinisifu kwa kile, Kabula. Mimi nilikuwa na mama, na nilikuwa namtaka mama yangu. Sikujua tu."

Nilimshika mkono. Yule mwanangu wa mwisho akaja kutuonyesha kwenye simu picha ya ndege yetu ikiwa angani, kialama kinasogea juu ya ramani, sasa hivi iko hapa, bibi, bado dakika ishirini na mbili. Mama akaipokea simu ile, akaisogeza karibu na macho, akakitazama kile kialama kinavyosogea. Aliitazama mpaka ndege ikatua, na mtoto alipoomba simu yake hakumpa.

Nimezoea kusema enzi zetu zilikuwa bora. Tulikuwa na Mama Mkerewe, asiyeuliza jina. Tulikuwa na watu thelathini nyuma ya lori, wanaotuimbia. Wanangu wakikwama safarini wanapewa samahani kwenye simu na biskuti ndani ya mfuko, na hakuna dirisha la jirani litakalofunguka. Ninawahurumia kwa hilo, na nitaendelea kuwahurumia. Lakini tangu benchi lile siwezi tena kusema sentensi ile nikaimaliza. Siku zangu tatu za pale ufukweni, dagaa, rede, mawe yenye joto na yote, ningezitoa zote leo bila kubakiza hata asubuhi moja, ili Jumanne ile mama yangu awe na simu mfukoni na isikike inaita.